Michoro ya majahazi iliyokwaruzwa kwenye magofu ya Pwani: nairekodi vipi, naiwekea tarehe vipi?

Mwana_wa_Magofu aliandika:

Wakuu, salaam. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu michoro na maandishi ya kukwaruza kwenye kuta za kale. Kiini chake nataka kiwe michoro ya vyombo vya baharini iliyomo kwenye magofu yetu: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara (Tanzania), Gede na Takwa (Kenya). Najua Peter na Margaret Garlake walichapisha kazi juu ya michoro hii mwaka 1964, lakini tangu hapo kuta nyingi zimepigwa na mvua za miaka 60, na vifaa vya kurekodi vimebadilika kabisa.

Msimamizi wangu ana sharti moja: nilinganishe na mahali pengine na zama nyingine, kama Pompeii (mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano) au makanisa ya Ulaya, na isiwe orodha ya "huku wanacho, na kule wanacho".

Nilicho nacho ni kamera ya megapikseli 24, stendi ya miguu mitatu, flashi moja inayowashwa kwa remoti na laptop ya kawaida. Skana ya leza sina. Naomba mwongozo: napigaje picha mistari ambayo kwa macho haionekani vizuri? Tarehe naipataje? Nitajuaje kama chombo kilichochorwa ni mtepe, jahazi au meli ya Mreno? Na huo ulinganisho unasimama juu ya nini?

Fundi_Neru alijibu:

Karibu sana, mkuu. Mada hii inahitaji watu, na kuta hazisubiri. Nitachukua swali la picha na la tarehe pamoja, maana hayatenganiki. Mstari uliokwaruzwa hauna tarehe yake wenyewe. Tarehe iko kwenye lipu, kwa hiyo anza na lipu kabla hujafungua begi la kamera.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, juu yake lipu ya chokaa na mchanga, na mara nyingi neru laini ya kumalizia. Chokaa mbichi inabaki laini kwa muda, kisha inakuwa ngumu taratibu kadiri inavyovuta hewa ukaa. Sasa weka kioo cha kukuza mara 10 juu ya mstari. Ukiona kingo zimeinuka kama matuta madogo pande zote mbili na kitako cha mfereji ni laini, mstari ulipita lipu ikiwa mbichi, yaani fundi alikuwa bado yupo au ndiyo kwanza ameondoka. Hapo tarehe ya lipu ndiyo tarehe ya mchoro. Ukiona kingo zimemeguka, chembe za mchanga zimeng'oka na mfereji una meno meno, ulichorwa lipu ikiwa kavu. Lipu kavu inakupa mwanzo tu: mchoro hauwezi kuwa mkongwe kuliko lipu, ila unaweza kuwa mdogo kwake kwa karne tano.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husuni Kubwa ni ya mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, basi mtu anachukua tarehe hiyo na kuibandika kwenye kila mkwaruzo uliomo ndani. Kitu kilichokwaruzwa kwenye lipu yake kavu kinaweza kuwa cha 1330, na kinaweza kuwa cha 1830.

Mwisho wa muda unautafuta kwa njia nyingine. Kama ukuta ulikuwa umefunikwa na kifusi hadi wachimbaji walipoufukua, mchoro ulio chini ya usawa wa kifusi ni wa kabla ya jengo kuanguka, kwa hiyo tafuta picha na ramani za uchimbaji za kila jengo. Kama kuna chokaa ya kupaka iliyoingia ndani ya mfereji, mchoro ulitangulia mkono huo wa chokaa. Na mistari miwili inapokatana, tazama makutano kwa kioo: mstari wa pili unapita moja kwa moja bila kuvunjika, na unasukuma vumbi au unamegua ukingo wa ule wa kwanza. Makutano kama hayo piga picha ya karibu kila moja, hata kama yako kumi kwenye mchoro mmoja.

Kipimo cha kaboni 14 usikitegemee. Mkwaruzo hauna kitu cha kupima. Kupima chokaa yenyewe kunawezekana, lakini chokaa yetu ni matumbawe yaliyochomwa, na tanuri halikuchoma kila punje. Punje za tumbawe bichi zilizobaki hubeba kaboni ya zamani, na jibu linatoka la uzee wa uongo.

Picha sasa. Upana wa mstari wa kawaida ni milimita moja au mbili, na kina chake ni chini ya milimita moja. Ili uusome unahitaji angalau pikseli tano kwa kila milimita, na kumi ni bora. Kamera yako ina pikseli 6000 kwa upana, kwa hiyo eneo la sentimita 60 kwa 40 linakupa pikseli kumi kwa milimita. Mchoro wa mita moja na nusu ugawe vipande vinavyopandana kwa theluthi moja. Lenzi iwe sambamba na ukuta kabisa: pima umbali kutoka lenzi hadi pembe nne za eneo, zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, rekebisha stendi. ISO 100, tundu f/8, fokasi ya mkono, faili ghafi. Weka rula na kadi ya rangi pembeni ya mchoro, kamwe si juu yake.

Mwanga wa kuparaza ndiyo kazi yenyewe. Flashi au tochi kali ishikwe pembeni, karibu iguse usawa wa ukuta, nyuzi 5 hadi 15 tu. Piga kutoka pande nane: juu, chini, kushoto, kulia na pembe nne. Mwanga wa upande mmoja unadanganya, kwa sababu mstari unaolala sambamba na mwanga hautoi kivuli, unapotea kabisa. Mwanga ukitoka juu peke yake, utaona chombo kina mwili na foromali (boriti inayobeba tanga) lakini hakina mlingoti, na utaandika hivyo kwenye tasnifu. Picha ya kuchapisha iwe ile ya mwanga wa juu kushoto. Jicho limezoea mwanga wa juu, na ukitumia wa chini, mifereji inaonekana kama matuta.

Kwa michoro bora fanya RTI (Reflectance Transformation Imaging). Kamera haisogei, mwanga unazunguka, programu inaunganisha picha, na kwenye kompyuta unausogeza mwanga utakavyo. Unahitaji gololi mbili nyeusi zinazong'aa, ziingie kwenye picha lakini zisifunike mchoro. Kila gololi iwe na pikseli 250 hivi kwa kipenyo, na kwa eneo la sentimita 60 hiyo ni gololi ya milimita 25. Funga uzi kwenye flashi, urefu wake angalau mara mbili ya ulalo wa eneo, yaani kama mita 1.5. Msaidizi anashika ncha ya uzi karibu na kitovu cha mchoro bila kugusa ukuta, wewe unaweka flashi mahali, uzi unaondolewa, unapiga. Zunguka kama saa, miale 12, kila mwale pembe nne kati ya nyuzi 15 na 65. Hizo ni picha 48. Programu za RTIBuilder na Relight ni za bure.

Kinachoharibu RTI ni mambo matatu: stendi kutikisika (zege la zamani lina mashimo, weka mguu kwenye kipande cha ubao), jua kuingia katikati ya kazi, na kubadilisha fokasi bila kujua. Jua likiwepo tundika shuka jeusi kwenye fremu, au fanya kazi baada ya magharibi ikiwa kibali kinaruhusu.

Foromali alijibu:

Fundi amemaliza mengi. Naongeza la jua kisha niingie kwenye vyombo.

Magofu mengi hayana paa, na Kilwa iko nyuzi 9 kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana linaparaza kuta lenyewe kutoka juu. Kuta zinazotazama kusini zinapata mwanga huo vizuri kuanzia Novemba hadi Januari, zile zinazotazama kaskazini mwezi Machi, na tena Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni jua liko mbali mno kaskazini, linaupiga ukuta usoni badala ya kuuparaza. Pita kila ukuta saa sita kuanzia dakika 20 kabla hadi dakika 20 baada, ukiwa na ramani ya jengo mkononi, na uweke alama kila mahali penye mkwaruzo. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi ya flashi. Lakini zingatia alichosema Fundi: mwanga wa juu unaficha milingoti.

Vyombo. Kosa kubwa ni kutaja jina la chombo kabla ya kutaja sehemu zake. Kwenye fomu yako usiandike "jahazi" wala "mtepe". Andika ulichokiona: mwili una mistari mingapi, omo (mbele ya chombo) imeinuka kwa pembe gani, tezi (nyuma yake) imechongoka au imekatwa bapa, milingoti mingapi na imelalia wapi, foromali ya kulala au ya mshazari, tanga limechorwa au halikuchorwa, usukani, kamba, nanga, macho. Jina liwe safu ya mwisho, na kiwango cha uhakika pembeni yake.

Ukiuliza omo iko upande gani, usikisie. Foromali ya tanga la pembe inashuka mbele na kupanda nyuma, na mlingoti mara nyingi umelalia mbele kidogo. Usukani unakupa tezi. Vyote vitatu vikikosekana, andika "mwelekeo haujulikani" na uendelee.

Mtepe ulishonwa kwa kamba bila misumari, ulikuwa na mlingoti mmoja, tanga la mraba la mkeka, na omo ndefu iliyochomoza mbele kama shingo ya ngamia. Sasa, tanga la mraba peke yake halikuthibitishii mtepe, kwa sababu meli za Wareno nazo zilikuwa na matanga ya mraba. Tofauti iko kwingine: meli ya Mreno ina milingoti miwili au mitatu, shetri (sehemu ya juu huko nyuma) iliyoinuka kama nyumba, mara nyingi kijukwaa mbele pia, mlingoti wa maji uliochomoza kwenye omo, na kikapu cha mlinzi juu ya mlingoti mkuu. Mtepe hauna hata kimoja katika hivyo. Ukiona mraba, mlingoti mmoja na omo ndefu, uko salama kusema "chombo cha aina ya mtepe". Ukiona mraba na mlingoti mmoja tu, ishia kuandika hivyo, usitaje jina.

Mistari iliyokatana ndani ya tanga wengine huisoma kuwa ni mkeka. Inaweza kuwa mkeka, inaweza pia kuwa mtu alijaza nafasi tu. Andika "mistari iliyokatana, nafasi ya milimita kadhaa" na uache tafsiri kwenye mjadala.

Kuhusu tarehe kwa umbo la chombo: meli yenye sura ya Kireno ni ya baada ya 1498, hilo halina shida. Tezi iliyokatwa bapa nayo inahesabiwa kuwa ya baada ya Wareno, maana maumbo kama baghala na ghanja (majahazi makubwa ya Bahari ya Hindi) yaliiga meli za Ulaya. Lakini mtepe haukupi mwisho, kwa sababu uliendelea kuundwa hadi karne ya 20.

Mwana_wa_Magofu aliandika:

Nashukuru sana wakuu, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Swali dogo la haraka: picha nyingi za zamani za michoro ya kukwaruza zina mistari iliyojazwa chaki, na inaonekana vizuri mno. Kwa michoro hafifu sana inakubalika? Na kulowanisha kidogo kwa maji?

Fundi_Neru alijibu:

Hapana kwa vyote viwili, na sababu ni za kifundi kabisa.

Chaki inaingia kwenye vinyweleo vya lipu. Haitoki bila brashi, na brashi inang'oa zile kingo ndogo zinazokuambia kama mstari ulichorwa mbichi au kavu. Unafuta ushahidi ule ule uliokuja kuutafuta. Baya zaidi, anayejaza chaki anakuwa ameshaamua mstari upi ni mchoro na upi ni ufa, na kila atakayekuja baadaye anaona uamuzi wake, haoni ukuta.

Maji yanayeyusha chumvi. Kuta hizi zimenyonya chumvi ya bahari kwa karne nyingi. Ukilowanisha, chumvi inasogea. Ikikauka inaganda chini ya ngozi ya lipu, inatanuka, na ngozi inabanduka pamoja na mchoro. Huenda usiione siku hiyo, ukaiona msimu ujao. Kwa sababu hiyo hiyo usibandike tepu, usipige chapa kwa karatasi na mkaa, usimimine mpira wa kutengenezea kalibu. Ukikuta ukuta una chaki ya mtu wa zamani, iache na uirekodi kama tabaka.

Kuchora kwa mkono fanya juu ya picha, kwenye laptop. Wachoraji wawe wawili, kila mmoja peke yake bila kuona kazi ya mwenzake. Mistari waliyokubaliana ichorwe nyeusi, waliyotofautiana iwe ya nukta nukta. Nyufa, mizizi iliyotambaa, alama za mwiko, na vishimo vya kushikia lipu ya pili (mafundi waligonga ukuta makusudi ili tabaka la juu lishike) vyote vinageuka majahazi mtu akiwa na hamu.

Tabaka alijibu:

Nachukua la ulinganisho, kwa sababu ndipo tasnifu nyingi za namna hii zinapolegea.

Usilinganishe sura. Jahazi la Kilwa na meli ya kanisani Uingereza zitafanana kwa sababu vyombo vyote vinaelea juu ya maji na vina milingoti. Linganisha mazingira ya tendo: uso wa ukuta, chombo cha kuchorea, kimo kutoka sakafuni, umbali hadi mlangoni na hadi mahali pa ibada, mwanga uliokuwepo, mchoro umekatwa na mwingine au umeheshimiwa. Tumia jedwali moja kwa mahali pote, safu zile zile.

Utaona faida yake haraka. Blakeney, pwani ya Norfolk, kuna kanisa la Mtakatifu Nicholas, msimamizi wa mabaharia. Meli zilizokwaruzwa humo zimekusanyika kwenye nguzo za upande wa kusini, karibu na mahali palipokuwa na altare ya pembeni, na wachoraji walikwepa kukata michoro ya waliowatangulia. Hoja kwamba ni dua au nadhiri imesimama juu ya mahali na mpangilio huo, haikusimama juu ya uzuri wa meli. Basi ukienda kwenye msikiti wa Takwa au wa Kilwa, swali lako la kwanza liwe: ziko ukuta upi, na zimekatana au hazikukatana? Usichukue jibu la Blakeney ukalibeba. Chukua swali lake.

Pompeii inakufundisha mawili. Kuna maandishi ya ukutani zaidi ya 11,000, na mengi yamo ndani ya nyumba za watu wenye uwezo, karibu na milango na kwenye kumbi za kupokelea wageni. Kwa hiyo dhana ya kwamba aliyekwaruza alikuwa mhuni aliyeharibu mali ya mtu haifai kuwa mahali pa kuanzia. Hata kwetu, mchoro ulio kwenye ukumbi karibu na baraza unaweza kuwa kazi ya mtu wa nyumba au mgeni aliyeketi akisubiri. La pili ni la tarehe. Mwaka 2018 yalipatikana maandishi ya makaa yanayotaja siku ya 16 kabla ya Kalenda za Novemba (siku ya kwanza ya mwezi kwa Warumi), yaani 17 Oktoba. Hayana mwaka. Lakini makaa yanafutika upesi, na yaliandikwa kwenye nyumba iliyokuwa kwenye ukarabati, kwa hiyo yameipa nguvu hoja kwamba mlipuko wa mwaka 79 ulikuwa wa Oktoba, tofauti na 24 Agosti iliyozoeleka. Uzito wote wa hoja uko kwenye makaa: yangekuwa ya kukwaruza yangeweza kukaa hapo miaka mingi, na hoja isingesimama.

Hilo linakuleta Fort Jesus, Mombasa. Kuna michoro ya makaa na ngeu nyekundu ya wakati wa Wareno, yenye meli na watu. Ngome ilianza kujengwa 1593 na Waomani wakaitwaa 1698, kwa hiyo mwanzo wa muda unao. Ila usisahau kwamba jengo hilo lilikuwa jela hadi 1958, basi si kila alama iliyomo ni ya Mreno. Rangi haihitaji mwanga wa kuparaza. Piga kwa mwanga sawa kutoka pande mbili, kisha pitisha kwenye DStretch, programu ya kukoleza rangi hafifu kwenye picha. Kati ya mipangilio yake, jaribu LRE na YRE kwa nyekundu, YBK kwa nyeusi. Inatoa rangi za ajabu, kwa hiyo daima chapisha picha ya kawaida kando yake.

Kimo nacho kina mtego. Kwenye mahekalu ya Misri kuna majina ya wasafiri wa karne ya 19 yaliyo juu mno kuliko mtu anavyoweza kufika, kwa sababu walisimama juu ya mchanga uliokuwa umejaa. Pima kimo kutoka sakafu ya asili na kutoka ardhi ya leo, vyote viwili. Mchoro wa sentimita 70 kutoka sakafuni watu hukimbilia kusema ni wa mtoto. Mtu mzima aliyeketi chini anachora kimo hicho hicho.

Na usiache maandishi. Ukikuta herufi za Kiarabu, zipigie RTI hata kama huzisomi, umpelekee anayezisoma faili lenyewe la RTI, si picha moja. Nukta ndizo zinazotofautisha herufi, na kishimo cha lipu kinaonekana kama nukta. Tarakimu ni hatari zaidi: sifuri ya Kiarabu ni nukta, kwa hiyo kishimo kimoja kinaweza kugeuza mwaka. Mwaka wa Hijra nao kwa kawaida unaangukia miaka miwili ya Miladia. Kaburi la Gede lenye mwaka 802 huandikwa 1399, lakini 802 ilianza Septemba 1399 na kuishia Agosti 1400.

Jambo moja natofautiana kidogo na Foromali. Meli ya sura ya Kireno ni ya baada ya 1498 kwa upande wa mwanzo, sawa, lakini haimaanishi mchoraji alikuwa Mreno wala kwamba Wareno walikuwepo mjini. Meli za Ulaya zilipita pwani hii karne nyingi baadaye, na mwenyeji aliyeziona kutoka ufukweni alikuwa na mkono pia.

Foromali alijibu:

Nakubali, na ni muhimu. Na kinyume chake pia: mchoro wa mtepe unaweza kuwa wa mgeni.

Mama_Kumbukumbu alijibu:

Mwanangu, wenzangu wamekuelekeza ukutani. Mimi naongeza ya karatasi na faili, kwa sababu ndiko kazi nzuri inakopotelea.

Vibali anza mapema. Tanzania unahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pamoja na ruhusa ya Mambo ya Kale, Kenya ni NACOSTI (tume ya huko ya sayansi na teknolojia) na Makumbusho ya Taifa. Eleza wazi kwenye maombi kwamba hutagusa ukuta, hutachukua sampuli, na taja flashi, shuka na kazi ya usiku kama utaifanya. Kazi ya usiku isipoandikwa, mlinzi ana haki ya kukuzuia.

Majina ya leo yaliyokwaruzwa na wageni usiyaruke. Yapige picha kwa uzito ule ule, maana yanaonyesha kasi ya uharibifu na namna mkwaruzo mpya unavyochakaa. Ukiwa na jina lenye tarehe ya 1974 na jingine la 2009 kwenye lipu moja, una kipimo cha kulinganishia kingo za mistari isiyo na tarehe. Ila kwenye chapisho ficha majina kamili ya watu wanaoweza kuwa hai.

Jina la faili libebe mahali, jengo, chumba, ukuta, namba ya mchoro na pembe ya mwanga, mfano SM_N03_C2_MASH_014_JK kwa mwanga wa juu kushoto. Usiandike "jahazi zuri 2". Hifadhi faili ghafi, TIFF na faili la RTI, nakala tatu, moja ikae nje ya mji unaoishi. Picha 48 za faili ghafi zenye megabaiti 25 kila moja ni gigabaiti 1.2 kwa mchoro mmoja, kwa hiyo michoro 60 inataka zaidi ya gigabaiti 70 kabla hujaanza kuchakata. Nunua diski kabla ya kupanda boti. Na nakala moja kamili ibaki kwa waliokupa kibali.